Karatasi ya Ishirini

Fundi alikuwa na mazoea ya kuhesabu pini. Kila jioni kabla ya kufunika cherehani alizichomoa zote kwenye kile kifuko chake cha sponji, akazipanga mezani kumi kumi, na ikipungua hata moja alipiga magoti sakafuni na sumaku mpaka aipate. Si kwamba pini ni kitu cha thamani. Ila kwake yeye, kitu kikipotea lazima kuna mkono uliokichukua. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake ya pili, na kuna siku ilishika nafasi ya ile ya kwanza.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa Rozari Hai pale parokiani. Na asiyeijua Rozari Hai aelezwe hapa hapa, tusije tukaachana njiani. Rozari nzima ina matendo ishirini: matano ya furaha, matano ya mwanga, matano ya uchungu, matano ya utukufu, na kila tendo lina Salamu Maria zake kumi. Mtu mwenye kazi na nyumba hayamalizi yote kwa siku. Kwa hiyo watu ishirini wanagawana. Kila mmoja anashika tendo moja kwa mwezi mzima, analisali kumi lake kila siku huku akilitafakari hilo hilo, na ukiwaweka pamoja wote ishirini rozari inakuwa imetimia. Mmoja akizembea, imekatika, hata kama wale kumi na tisa wamesali mpaka magoti yameota sugu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi walikutana chumbani kwa Fundi, katikati ya nguo zilizoning'inia na harufu ya pasi. Fundi alikuwa amekwisha kukata vipande ishirini vya karatasi ya kaki, ile ya kuchorea mitindo, na kuandika tendo moja kwenye kila kipande. Alivikunja, akavitia kwenye kopo la vifungo, akalitikisa, na kila mwanamke akachovya mkono. Ulichookota ni chako, na sheria ya Fundi ilikuwa usimwonyeshe jirani. Zamani binti yake ndiye aliyeandika zile karatasi, kwa mwandiko mzuri wenye mikia. Tangu binti aondoke, Fundi aliandika mwenyewe kwa penseli ya kuchorea vitambaa, tena kwa kichwa, bila kutazama kitabu, maana matendo yote aliyajua kama vidole vyake.

Huu ulikuwa mwezi wa tatu kundi linasali kwa nia moja tu. Fundi mwenyewe ndiye aliyeiomba, amesimama, ameshika ukingo wa meza: "Kwa ajili ya binti yangu, Mungu amtie moyo wa toba, arudi nyumbani." Wanawake walilia. Hata Mwalimu, mstaafu asiye na mchezo, alivua miwani akajipangusa. Binti alikuwa wa pekee, na mume wa Fundi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Tangu yule msichana aondoke na begi moja, mwaka mmoja na nusu uliopita, hakupiga simu, hakuandika, hakutuma salamu hata kwa mpita njia. Fundi alimtaka. Tusimwonee, alimtaka kwelikweli. Mara mbili alijikuta amekata gauni la mteja kwa kipimo cha mabega ya binti yake, na ikabidi anunue kitambaa kingine.

Sababu ya kuondoka kwake ilijulikana parokia nzima. Kulikuwa na utepe wa dhahabu, mita tatu, ulioagizwa mbali kwa ajili ya kasula ya Padri, lile vazi lake la juu la misa. Jioni ulikuwa mezani, asubuhi haupo. Chumbani walikuwa wawili tu, na Fundi hakuwa ameuchukua. Kwake kesi ikaishia hapo. Alimuuliza binti ameupeleka wapi, binti akasema hajui. Akamuuliza tena na tena, mbele ya wateja, mbele ya Padri, mbele ya shangazi yake, mpaka yule msichana akafunga begi.

Lililokuwa halijulikani ni hili. Miezi saba baadaye Fundi alichomoa droo ya cherehani ili aitie mafuta, na nyuma ya droo, palipo na giza na mavumbi ya nyuzi, akaukuta utepe umejikunja. Ulikuwa umeanguka wenyewe. Alikaa nao mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha akautia ndani ya soksi, akaisukuma soksi chini ya kabati kwa mguu. Alijiambia atasema binti akirudi. Kusema sasa ni kujiaibisha bure, maana wa kuombwa radhi mwenyewe hayupo. Na baada ya hapo, kwa ulimi ule ule, akasimama na kuwaombesha wanawake kumi na tisa toba ya mtu asiye na kosa. Hilo lilikuwa jambo baya, tusimung'unye maneno. Naye alijua, ndiyo sababu nia ile aliisoma haraka haraka kila mwezi kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

Mwezi wa kwanza ukapita kimya. Wa pili kimya. Wa tatu ulipofika katikati, Fundi akakata shauri kwamba rozari inakatika mahali. Mungu hawezi kunyamaza hivi kama makumi yote ishirini yanamfikia. Kuna mtu hasali kumi lake. Na alipojiuliza ni nani, hakuumiza kichwa hata kidogo. Wifi.

Wifi alikuwa dada wa marehemu mume wake, mjane kama yeye, mwoka mikate. Tanuri lake lilikuwa barabara ile ile, hatua mia mbili hivi. Siku ya kesi ya utepe wifi alisema mbele ya watu, "Mtoto wa kaka yangu si mwizi," na tangu siku hiyo mawifi hawa wawili walibaki na salamu tu, tena zile za kupigiana kwa mbali. Sasa Fundi alianza kumchunguza, na mtu akitafuta dalili hazikosi. Mosi, wifi aliishi peke yake, lakini tangu miezi hii miwili mikate ya tanuri lake ilikuwa imeongezeka maradufu, na mikono yake ni ile ile miwili. Pili, kwenye kamba ya nguo uani kulikuwa na aproni mbili, moja pana na moja nyembamba. Tatu, ile stoo ya unga ilikuwa ikifungwa kwa ndani kila siku saa kumi jioni, na wifi yuko nje anauza. Nne, na hili ndilo lililomchoma, nia iliposomwa Jumapili ile, wifi alitabasamu. Wenzake wanalia, yeye anatabasamu, kichwa ameinamisha.

"Kapata bwana," Fundi aliiambia cherehani. "Mwembamba. Anamkandia unga." Na mwanamke mwenye bwana stoo, kumi lake la rozari atalisali saa ngapi?

Lakini hakutaka kumkamata wifi kwa maneno matupu. Alitaka awaondoe kwanza wale wengine wote, mmoja mmoja, mpaka abaki yeye peke yake kama kifungo cha mwisho kwenye shati. Akatangaza kwamba kundi litashonewa mishipi ya bluu, kwa hiyo kila mmoja apimwe kiuno. Wazo lilikuwa zuri kuliko lilivyostahili. Mtu aliyeinua mikono juu, na futi imemzunguka tumbo, hana pa kukimbilia.

Alianza na muuza mboga.

"Inua mikono, dada. Kumi lako mwezi huu ni lipi?"

"Si ulisema tusiambiane?"

"Msiambiane nyinyi. Mimi ni kiongozi."

"Basi la nne la furaha. Mtoto Yesu anatolewa hekaluni."

"Unalisali saa ngapi?"

"Asubuhi nikipanga nyanya. Nyanya moja, Salamu Maria moja, mpaka fungu la kumi. Juzi mtu akaninunulia mbili katikati ya sala, nikashindwa kujua nimefika wapi. Nikaanza upya, na nyanya nazo nikazipanga upya." Muuza mboga akacheka mpaka futi ikateleza. "Kwani vipi, Fundi? Mshipi una maswali?"

"Vuta pumzi," alisema Fundi, akaandika kwenye daftari: kiuno chake, na pembeni, anasali.

Mkunga alisali lake njiani, akitoka kwa mzazi huyu kwenda kwa yule, kwa vidole, maana rozari humkatikia mkobani. Mfua nguo alisali akisugua kola. Mmoja alikiri kwamba husinzia kwenye Salamu Maria ya sita, lakini akizinduka huimalizia palepale alipoangukia. Fundi aliwatazama machoni wakati wakijibu, jicho lile la kutafuta ukungu kwenye kitambaa cheupe, wala hakuona doa. Walikuwa wanasali. Walisali vibaya, kwa haraka, huku wanafukuza kuku, lakini walisali. Na kila mmoja, kabla hajateremsha mikono, aliuliza jambo lile lile: "Na binti, kuna habari yoyote?" Fundi alijibu, "Bado," akakunja futi.

Siku ya nne akampima Mwalimu.

"La nne la furaha," alisema Mwalimu.

Futi ikakaza.

"Unanibana, Fundi."

"Rudia."

"Mtoto Yesu anatolewa hekaluni. Nalisali baada ya kumwagilia maua, saa kumi na mbili na robo. Nikuletee na mashahidi?"

"Niletee karatasi."

Mwalimu akaitoa kwenye kitabu chake cha misa. Kaki, penseli ya vitambaa, mwandiko wa Fundi mwenyewe uliolala kama nyasi zilizokanyagwa. Fundi hakuaga. Alikwenda moja kwa moja kwa muuza mboga, akaomba karatasi yake, akapewa ikiwa na alama ya maji ya nyanya. Kaki ile ile. Mwandiko ule ule. Tendo lile lile. Watu wawili wanasali la nne la furaha, basi kuna tendo ambalo halina mwenyewe.

Alikaa kwenye ngazi ya duka la watu akafungua daftari. Alikuwa amewaona wote isipokuwa wifi. Alipitisha kidole: mwanga yote yapo, utukufu yote yapo. Uchungu, la tatu halijaonekana. Furaha, la kwanza lipo, la pili lipo, la tatu analo yeye mwenyewe, la nne lipo mara mbili. La tano. La tano halikuwapo.

La tano la furaha ni lile ambalo Maria na Yosefu wamempoteza mtoto. Wamemtafuta siku tatu kwa jamaa na marafiki, wanarudi walikotoka, na kumbe yuko hekaluni.

Fundi akalifunga daftari kwa kishindo. Kati ya matendo yote ishirini, wifi kachagua kulifanyia hila hilo! La mzazi aliyepotelewa na mtoto! Alikwisha kuipanga kesi nzima kabla hajasimama: wifi kaificha karatasi ya tano, kisha ili hesabu ya kopo isipungue kaandika ya nne nyingine na kuitumbukiza. Ni vipi wifi angeweza kuuiga mwandiko ule, na penseli ile angeitoa wapi, Fundi hakujisumbua nalo. Mshtakiwa alikwisha kupatikana, ushahidi ungemfuata nyuma taratibu.

Alifika tanurini saa kumi kasoro dakika chache. Mkate wa jioni ulikuwa bado haujatolewa na watu watano, sita, walikuwa wamesimama foleni na vikapu. Wifi alikuwa nyuma ya meza, mikono myeupe hadi viwikoni. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa.

"Karibu, wifi," alisema. "Umekuja kunipima? Nimesikia unapima viuno na roho za watu."

"Nimekuja kuona karatasi yako."

"Salamu hazipo tena?"

"Habari za hapa. Toa karatasi."

Watu wa foleni wakaanza kuangalia dari. Kwenye foleni ile alikuwamo Mwalimu, ambaye alikuwa amemwona Fundi anatoka kwake kama anayewahi moto, akachukua kikapu akamfuata, mkate ukiwa kisingizio tu.

Wifi alijifuta mikono polepole, kidole kwa kidole. Alimtazama Fundi, akautazama mlango wa stoo, akamtazama tena Fundi. Kisha akatia mkono mfukoni mwa aproni. Ulipotoka ulikuwa na karatasi mbili.

"Mbili!" Fundi alisema kwa sauti ya mtu aliyepata pini yake. "Mmeona? Nilijua. Nilijua tangu zamani."

"Yangu ni hii." Wifi alimpa moja. Kaki, penseli: la tatu la uchungu, Yesu anatiwa miiba kichwani. "Nalisali mkate ukiwa unaumuka. Sijaruka hata siku moja."

"Na hiyo nyingine umeiiba lini?"

"Hii siyo yangu. Na haikutoka kwenye kopo lako, wifi. Kwenye kopo lako haijawahi kuwamo."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema tangu ulipoanza kuandika mwenyewe hujaliandika tendo hili hata mara moja. Mwezi wa kwanza mimi niliokota la nne la furaha. Wiki ile ile Mkunga akaja kununua mkate, akanisimulia kumi lake, la nne la furaha. Nikasema ni bahati mbaya. Mwezi wa pili nikaulizauliza chinichini. La nne mara mbili, la tano hakuna. Wa tatu vilevile. Mpaka leo."

"Mwongo."

"Haya. Niambie mara ya mwisho uliyoliandika."

Fundi alijiona mezani, na vipande vya kaki, na penseli. La kwanza. La pili. La tatu. La nne. Halafu alikuwa akiinuka kutazama pasi kama imepata moto. Kila mwezi alikuwa akiinuka pale pale. Aliporudi aliangalia karatasi ya mwisho, akaona hekalu, akaandika hekalu lile lile la nne, akaendelea na ya mwanga. Akahesabu ishirini, zikawa ishirini. Pini zake hazikupungua.

Alikaa juu ya gunia la unga bila kukaribishwa.

"Mwaka na nusu," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungesema nimekuibia karatasi," alijibu wifi, na mtu mmoja kwenye foleni akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Wifi hakucheka. "Nikaona bora nilibebe mimi. Nikalisali juu ya langu, makumi mawili kila siku. Sikutaka rozari ya watu ikatike kwa sababu ya ugomvi wetu."

"Na sasa?"

"Sasa kuna mtu kanipokea. Alisema, hilo nipe mimi." Wifi aliishika ile karatasi ya pili kwa ncha za vidole. "Mimi nimeapishwa nisiseme kwa mdomo, wifi, na kiapo nakiheshimu. Lakini sikuapishwa kuficha karatasi."

Akamwekea mkononi.

Haikuwa kaki. Ilikuwa karatasi ya kufungia mikate, na mwandiko wake ulikuwa wa wino, mzuri, wenye mikia. Tendo la tano la furaha: Maria anamkuta Yesu hekaluni. Fundi aliisoma mara moja. Hakuhitaji mara ya pili. Mwandiko ule aliufundisha yeye, mezani pale pale penye pini, kwa chaki ya ushonaji juu ya kitambaa cheusi.

Mikate maradufu. Aproni nyembamba. Bwana wa stoo.

"Nilikuja kukuuliza," Fundi alisema. "Wiki ya kwanza nilikuja hapa hapa kukuuliza."

"Uliniuliza mara moja. Siku hiyo hakuwapo, nikakujibu hayupo. Hukurudi kuuliza tena. Ulitafuta kote, hapa ukapita na salamu za mbali." Wifi akashusha sauti. "Alikuja wiki tatu baada ya wewe kuisoma nia yako mara ya kwanza. Siku ya kwanza ya nia mimi nililia na wengine. Mara zilizofuata sikuweza kulia, kila nikikumbuka nani yuko nyumbani anakanda unga. Nilijaribu kujikaza, uso ukanisaliti."

"Kwa nini haji kwangu?"

Fundi alilijua jibu, na lilikuwa ndani ya soksi, chini ya kabati.

Saa ya ukutani iligonga kumi. Wifi hakusogea kwenda kutoa mkate, na foleni nayo haikudai mkate. Kutoka ndani ya stoo ikasikika sauti ndogo, ya mtu anayesali peke yake, asiyetaka kusikika wala kujificha. Kwanza Baba Yetu. Kisha Salamu Maria ya kwanza. Aliisema nusu yake, umejaa neema, Bwana yu nawe, halafu bila kupumzika akaingia nusu ya pili, ile ambayo mtu akiwa na wenzake huwaachia waitikie. Mtu anayesali mwenyewe huwa mwongozaji na mwitikiaji.

Fundi aliinuka kwenye gunia. Alihesabu, hakuweza kujizuia. Tatu. Nne. Alifika kwenye mlango, akaweka kiganja juu ya mbao zilizojaa unga. Tano. Sita. Ya saba ilipofika katikati, kwenye jina la Yesu, akatangulia yeye, kwa sauti iliyokauka:

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina."

Ndani kukawa kimya. Foleni nzima ilikishikia pumzi, na mkate tanurini ulianza kunukia kupita kiasi, wala hakuna aliyeujali. Fundi alijua kwamba akijaribu kitasa sasa hivi atakuwa ameharibu kila kitu. Akasubiri. Hakuwahi kusubiri kitu namna ile maishani mwake.

Ikasikika punje moja ya rozari ikigonga nyingine. Na sauti ikaanza ya nane, taratibu. Ilipofika kwenye jina la Yesu ikakoma. Ikamwachia.

Fundi akaitikia. Ya tisa akaitikia. Ya kumi aliitikia na machozi yameshafika kidevuni, na Amina haijamalizika mdomoni akasema, mdomo ukigusa mbao, kwa mnong'ono:

"Utepe niliupata, mwanangu. Ulikuwa nyuma ya droo."

Fundi akageuka. Aliwaona watu wa foleni na vikapu vyao, akamwona Mwalimu, akaona nyuso mbili tatu zilizokuwapo siku ile alipomwuliza binti yake mbele ya wateja ameupeleka wapi. Siku ile hakunong'ona. Akasimama wima, akaufuta uso kwa futi iliyokuwa bado shingoni, akasema kwa sauti ile ile ya siku ile, kila mtu asikie mpaka barabarani:

"Mtoto wangu hakuiba. Utepe ulianguka wenyewe nyuma ya droo ya cherehani. Niliuona mwaka jana nikauficha. Mwaka jana! Uko kwenye soksi, chini ya kabati langu, na anayetaka akautazame. Mmenisaidia kuomba toba ya mtu asiye na kosa. Ya kuombwa ilikuwa yangu." Kisha akaurudia mlango. "Nisamehe, mama. Hata usipofungua, nisamehe."

Wifi alikuwa amejifunika uso kwa aproni. Ndani ya stoo mtu alivuta kamasi, akakohoa kidogo, halafu sauti ikasema, ya karibu sana, kumbe naye alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote:

"Mama, bado Atukuzwe. Kumi halijaisha."

"Kweli," Fundi alisema. "Kweli, bado."

Akapiga ishara ya msalaba kwa mkono uliojaa unga, akaanza, "Atukuzwe Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu," na upande wa pili binti akaitikia, kama mwanzo, na sasa, na siku zote, na kabla hawajafika kwenye Amina komeo likavutwa.